Migongo ya Tarime kwa Baiskeli

Lori la mwisho lilitupita Mogabiri, nje kidogo ya mji wa Tarime, likielekea mpakani Sirari na mzigo wake umefunikwa turubai. Sisi tukapinda kulia. Tuliifuata barabara ya Nyamongo kwa muda, kisha penye kibao cha shule ya msingi tukaiacha na kushika njia ya kijiji. Tangu hapo hadi jua la utosi, waliotupita ni bodaboda wachache, na watoto wa shule waliotukimbiza kwenye kilima wakatuacha nyuma, mabegi yakiwagonga mgongoni.

Anayeijua Tarime kwa kupita barabara kuu ya Musoma–Sirari tu, bado hajaijua. Barabara ile ni ya mabasi ya Mwanza, malori ya Kenya na Noah zilizoshindiliwa abiria. Mwenye baiskeli pale ni wa kusukumwa pembeni; honi hupigwa gari likiwa limeshamfika kisogoni. Ukiiacha lami ukapanda mgongo wa kwanza, makelele yote hubaki bondeni. Ukanda wa juu wa wilaya hii uko kati ya mita 1,500 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Victoria, ambalo haliko mbali kwa upande wa magharibi, liko mita 1,134. Tofauti hiyo ya mita mamia kadhaa haisomeki kwenye ramani ya ukutani, lakini mapaja huisoma vizuri sana. Asubuhi ni baridi ya kuvalia koti. Migomba imesongamana, kahawa iko chini ya kivuli chake, na pembeni mwa barabara ng'ombe wanachungwa na kijana mwenye fimbo na redio ndogo.

Njia hizi zina mwenyewe. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Mtandao wa TARURA nchi nzima ni takriban kilomita 144,000, na sehemu kubwa sana ni udongo na changarawe. Greda likipita, njia huwa kama meza kwa miezi kadhaa. Mvua ikipita, mifereji hukatiza katikati na kila mtu huanza kuchagua upande wake. Hapakuwa na kikao kilichokaa kikasema hizi ni njia za baiskeli. Nyingi ukizitazama zinavyojipinda utajua zilianza na mapito ya ng'ombe kwenda mtoni, joshoni na mnadani, kisha likaja kanisa, ikaja shule, likaja ghala la kahawa la chama cha msingi, na kila kimoja kikazipanua kidogo. Zinapenda kukaa juu ya migongo ya vilima. Huko juu maji hayatuami na hakuna daraja la kujenga, na mgeni anayekuja huonekana kabla hajafika.

Magari hayapo kwa sababu rahisi. Mkungu wa ndizi hauhitaji lori. Unashuka kwa baiskeli au pikipiki hadi barabarani. Maji yanakuja kwa punda. Abiria wenyewe wanajua gari lipo siku ya gulio, na siku nyingine ni miguu. Kwa hiyo msafiri wa baiskeli anayetaka utulivu aulize jambo moja tu kabla ya kulala: kesho gulio liko wapi? Akishajua, aelekee kwingine. Au aelekee huko huko, akipenda watu kuliko utulivu.

Kupanda kuelekea Nyamwaga, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, ndiko kunakomtenganisha mwenye gia na asiyenazo. Tulikuwa na baiskeli za gia, matairi mapana ya milimita 45, na bado tulishuka mara kwa mara. Wenyeji hawashuki kwa aibu. Wanashuka kwa hesabu. Baba mmoja alikuwa anapandisha baiskeli ya Phoenix yenye mikungu mitatu, miwili ikining'inia ubavuni na mmoja juu ya keria, imefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, mwili wote umelala mbele. Hapandi moja kwa moja. Anakata barabara kwa mshazari, kushoto kwenda kulia, na kila akifika ukingoni anaweka jiwe nyuma ya gurudumu na kupumua. Jiwe lenyewe analibeba kwenye kikapu cha mbele. Huo ni ufundi wa mtu aliyepanda kilima hicho maisha yake yote, na hakuna duka linalouza kifaa cha kuushinda.

Mwenzangu, mwalimu wa sekondari aliyekulia huku, alimwamkia: "Shikamoo, tata." Mzee akaitika marahaba, akazitazama baiskeli zetu juu mpaka chini, kisha akauliza zinabeba kilo ngapi. Tulipomwambia hazina hata keria, alitikisa kichwa. "Sasa mura, hii ni ya nini?"

Swali zuri, na wapo waliolijibu kwa fedha nyingi. Kule Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, mji mdogo wa wakulima na wafugaji hujaa wageni kila mwaka kwa ajili ya mbio zinazoitwa Unbound Gravel, zilizoanza mwaka 2006 na ambazo umbali wake maarufu ni maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320 za changarawe tupu. Mwaka 2022 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilifanya ubingwa wa dunia wa changarawe kwa mara ya kwanza, nchini Italia. Wanachokifuata watu hao ni kile ambacho vijiji vya huku kama Muriba na Itiryo vinacho bila kukiomba: barabara isiyo na gari, yenye kilima, na yenye uso wa kumfanya mtu awe macho.

Jirani yetu ameshaamka. Tangu 2021 eneo la Masai Mara, upande wa Kenya wa ikolojia hii hii, limekuwa na Migration Gravel Race, mbio za siku nne zinazowakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wa kutoka nje. Nyuma yake yuko Team Amani, timu ya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Nahodha wake wa mwanzo, Sule Kangangi, alifariki dunia Agosti 2022 kwenye mbio za changarawe jimboni Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Alikuwa akisisitiza kwamba vijana wa kwetu hawakosi nguvu, wanakosa mbio za kushiriki na nauli ya kuzifikia. Ukitazama kutoka juu ya migongo ya mashariki ya Tarime, nchi hiyo ya mbio iko mbele ya macho. Huku hakuna bendera wala kituo cha maji. Kuna mzee anayeuliza keria iko wapi.

Pancha ya kwanza ilitupata karibu na Nyamwaga, mwiba mwembamba kama sindano. Tungeweza kuziba wenyewe, lakini chini ya mwembe palikuwa na fundi, na kupita mbele ya fundi bila kumpa kazi si adabu. Vifaa vyake vilienea kwenye gunia moja: karai la maji, pampu ya mguu, msasa, bisibisi, koleo, spoki za kuokota, kichupa cha solusheni na lundo la tyubu zilizokufa. Alichomoa tairi kwa vipini viwili vya vijiko, akajaza tyubu upepo, akaizamisha kipande kwa kipande kwenye karai mpaka mapovu yakatoka. Akaweka alama kwa njiti. Akakausha, akasugua kwa msasa mpaka mpira ukawa na rangi ya kijivu, akapaka solusheni na kuipuliza. Hapo ndipo watu wa haraka huharibu, maana solusheni mbichi haishiki. Yeye aliiacha akaendelea kuzungumza habari za mpira. Kisha akakata kiraka cha duara kutoka tyubu iliyokufa, akakibandika na kukigonga kwa kitako cha nyundo. Kabla ya kurudisha tairi alipitisha kidole ndani yake pole pole, akautoa mwiba wenyewe, akatuonyesha. Kiraka kile hakikuvuja tena. Viraka vya gundi nilivyonunua mjini, vinavyosifiwa kwa kutohitaji solusheni, vilibanduka siku ya pili kwa joto.

Fundi huyo alianza kazi kwenye baiskeli za Swala, zilizotengenezwa hapa nchini enzi za viwanda vya umma. Anazisema vizuri kama mtu anavyolisema gari lake la zamani: nzito, lakini freimu haikuwahi kumkatikia mteja.

Baada ya Nyamwaga nchi inavunjika. Mgongo unaisha ghafla na bonde la Mto Mara linafunguka chini, pana na lenye ukungu wa vumbi. Mwinuko huu ni wa ukoo mmoja na ule wa Oloololo ambao watalii huupiga picha wakiwa Masai Mara. Kuushuka kwa baiskeli ni raha yenye masharti. Changarawe ya juu ni nyepesi na imekaa juu ya udongo mgumu kama goroli, kona zinajifunga, na katikati ya kona kuna uwezekano mkubwa wa kumkuta ndama amelala. Breki za mbele zishikwe kwa vidole viwili tu. Vijana wa huko, ambao baiskeli zao aghalabu zina breki moja au hazina kabisa, hutumia kandambili kwenye tairi la nyuma, na soli zao huonyesha mfereji uliochimbika.

Chini kabisa ni Nyamongo, na utulivu unaisha. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 na leo unaendeshwa na Barrick, serikali ikiwa na hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Vifusi vya mawe yaliyochimbwa vimekuwa vilima vipya. Pikipiki hazihesabiki, malori ya mafuta yanapita, na vumbi la barabara ya huku huingia mpaka kwenye meno. Sina la kumshauri mtu wa baiskeli kuhusu Nyamongo ila apite asubuhi na mapema, anywe chai, aendelee. Mji una pesa na una pilika zake, na unastahili makala nyingine ya mtu mwingine.

Mto Mara husafiri takriban kilomita 395 kutoka msitu wa Mau nchini Kenya hadi Ziwa Victoria, na katika eneo hili ndio mpaka wa wilaya za Tarime na Serengeti. Ndio mto ule ule ambao nyumbu huuvuka ndani ya hifadhi kati ya Julai na Oktoba, mbele ya kamera za dunia nzima. Darajani hapa kamera hazipo, ila mamba wapo vilevile, na wenyeji watakuonya usishuke kunawa uso. Tuliwasikiliza. Bonde la mto lina sifa nyingine pia: mashamba ya bangi, ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeyafyeka na kuyachoma katika operesheni zake. Kwa hiyo mgeni anayeona kinjia kizuri kinashuka mtoni peke yake asikifuate kwa udadisi.

Ng'ambo ya daraja nchi ni ya Wangoreme, na baiskeli inabadilisha lugha. Vilima vinakuwa vifupi na vya mbali mbali, mawe makubwa ya matale yamebebana juu ya vichwa vyake. Migomba inapungua, mahindi, mtama, muhogo na ulezi vinachukua nafasi, na hapa na pale linaonekana bani la kukaushia tumbaku. Huku ndiko mtu anapoweza kukaa kwenye pedeli saa nzima bila kushuka. Adui ni udongo mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu ni mgumu na mwepesi kupita. Ukilowa, hujikusanya kwenye foki mpaka gurudumu linagoma, na hapo unakuwa mchukuzi wa baiskeli. Manyunyu ya nusu saa yalitosha kutugeuza hivyo. Tulikwangua kwa vijiti mpaka tukachoka, tukazibeba mabegani hadi kwenye moramu.

Nilipoanza kusifia uzuri wa vumbi, mama aliyetuuzia chai na viazi karibu na zahanati moja alinikata. "Nyie mnakuja kucheza na vumbi letu, baba," alisema, akiendelea kukanda unga. Kisha akaeleza bila hasira: mjamzito akizidiwa usiku, anapakiwa katikati ya dereva wa bodaboda na shemeji yake, na mvua ikiwa imenyesha wote watatu wanatembea. Mahindi yananunuliwa kwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi anajua gari lake litakwama. Hakuna mwandishi wa safari anayeweza kumjibu mama huyo kwa kumtajia mandhari.

Na si lazima ajibiwe hivyo, kwa sababu baiskeli na lami hazina ugomvi. Barabara ya Tarime hadi Mugumu ina takriban kilomita 87, na kipande cha Mogabiri hadi Nyamongo, kilomita 25, ndicho kilichotangulia katika mpango wa lami. Ikikamilika yote, malori na mabasi yatakuwa na njia yao, mgonjwa atafika hospitali, na vinjia vya migongoni vitapumzika zaidi kuliko sasa. Mwenye baiskeli ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuidai lami hiyo. Anayetaka wilaya nzima ibaki vumbi ili apate picha nzuri hajapanda nyuma ya bodaboda usiku.

Mugumu, mji wa Wilaya ya Serengeti, ni mahali pa kupumzisha miguu na kula. Mwenye tumbo la kujaribu aagize kichuri, nyama na matumbo ya mbuzi yaliyoungwa kwa nyongo. Uchungu wake hukaa kwenye ulimi muda mrefu na ugali wa muhogo ndio unaoutuliza. Mwenzangu alikula sahani mbili. Mimi nilimaliza yangu, nikaomba maziwa mgando.

Kutoka hapo uchaguzi ni wa upande. Magharibi na kusini-magharibi, kuelekea Nata na Issenye, njia za vijiji ni nyingi na salama mchana. Mashariki na kusini zinafika mwisho haraka: kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yenye kilomita za mraba 14,763, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994. Huko mtu haingii na baiskeli kwa kujiamulia, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Hata nje ya mpaka, katika vijiji kama Bonchugu, Park Nyigoti na Robanda, tembo hutoka jioni kufuata mahindi, na wakulima hukesha na tochi, pilipili na mizinga ya nyuki. Saa kumi jioni ikufikie ukiwa umeshaegesha baiskeli ukutani.

Kuna mambo ya upande wa Tarime ambayo ni bora mgeni ayajue kabla. Koo za Wakurya zimewahi kupigana, zaidi kwa ajili ya ardhi na mifugo, na serikali iliweka mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Katika kata za Nyanungu na Gorong'a, zinazopakana na hifadhi, vigingi vya mpaka vimezua malalamiko ya miaka ya karibuni. Mtu mwenye ramani na kamera akionekana anapiga picha kigingi, ataulizwa ametumwa na nani. Dawa yake ni ndogo: pita ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji, andika jina kwenye kitabu cha wageni. Habari zako zitatangulia mbele yako, na kijiji kinachofuata watakuita kwa jina.

Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wakurya, na njia hizi hujaa misafara, nyimbo na fimbo. Ndio msimu pia ambao wasichana hukimbia ukeketaji, kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1998, wakielekea vituo vya hifadhi vilivyoko Masanga na Mugumu, wengine kwa miguu na usiku, kwenye migongo hii hii tuliyoipanda kwa starehe. Huo si wakati wa matembezi ya baiskeli.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza. Nenda kutoka Tarime kuelekea Mugumu, si kinyume chake, ili mwinuko mkubwa uushuke badala ya kuupanda. Chukua tyubu mbili za akiba, solusheni na msasa, maji lita tatu, na noti ndogo ndogo, kwani chenji kijijini ni shida. Na halmashauri hizi mbili, Tarime na Serengeti, zingefanya jambo la gharama ndogo kwa kushirikiana na TARURA: vibao vya mbao kwenye njia panda, jina la kijiji kinachofuata na kilomita zake, basi. Vingemfaa mwenye baiskeli, muuguzi wa chanjo na dereva wa bodaboda kwa pamoja. Kurudi, mabasi ya Mugumu kwenda Musoma na Mwanza hupakia baiskeli. Patana nauli ya mzigo kabla kondakta hajaipandisha.